Mdomo wa Kiondo

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Na yule mbuzi mwenye kiburi, amezaa? Mimi ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungecheka kabla sijamaliza. Kaka Mutua akusomee polepole, na asitie chumvi.

Nilikwambia kwamba kwenye ploti yetu hapa Dagoretti hatukuwa tunasalimiana. Vyumba tisa, mfereji mmoja, kila mtu na lake. Nekesa wa chumba cha pili, mzaliwa wa Bungoma, alininunia tangu tugombanie kamba ya kuanika nguo. Jumapili moja baada ya kanisa nikakaa mlangoni nikisuka kiondo, kikapu kama vile vyako, kuondoa upweke tu. Nekesa akapita mara tatu. Mara ya nne akasimama.

"Hiyo kitu unaanza aje?"

Nikamwonyesha. Jumapili iliyofuata tukawa wanne, mwishowe tukafika tisa. Tunasuka, tunapiga porojo. Siku hizi mtoto wa mmoja akiugua, wote tunajua kabla ya chai. Nami, Mwaitu, nikaitwa mwalimu, nikajiona kweli kweli.

Shida ilianza viondo vilipofika juu, wakangoja niwaonyeshe kufunga mdomo. Unakumbuka nyumbani: nikifika hapo nilikuwa nakuletea wewe umalizie, nami huyo, mbio kucheza. Ulipouliza kama nimejua, nilisema nimejua. Sikujua. Jumapili mbili nikasingizia kuumwa na kichwa, lakini siku za mwizi ni arobaini. Ya tatu nikajaribu, nyuzi zikafumuka mbele yao wote. Nekesa alikuwa ameshamwahidi mama mkwe wake kiondo chake cha kwanza. Niliona haya, Mwaitu, na niliogopa kwamba tutarudia kununiana.

"Kumbe mwalimu hajamaliza shule!" Nekesa akasema, na ploti nzima ikaangua kicheko. Mimi nikalia. Akaja akanishika bega. "Wacha kulia, bana. Si uite mathe akuje? Atalala kwangu, kitanda iko."

Kitanda cha Nekesa, yule yule wa kamba ya nguo!

Basi njoo. Najua wewe husema Nairobi hakuna mahali pa mtu kuketi, lakini wanawake wanane wameshaanza kubishana ni nani atakupikia chakula cha kwanza.

Nisalimie shangazi wa duka la mahindi, na baba mdogo fundi viatu. Nyanya mwambie shuka lake bado linanipa joto.

Kiondo changu nimekitundika msumarini, nyuzi zinaning'inia. Ukifika usinimalizie. Nilikuwa nakuachia mwisho kwa sababu nilidhani utakuwepo siku zote. Keti tu karibu nami, uniambie nikikosea.

Kitinda mimba wako anayekupenda,
Mwende