Eskaveta Yagoma Kila Jumamosi: Nimfukuze Shemegi Yangu?

Mpendwa Bi Ummukulthum,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nisaidie kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha, maana kichwa kimejaa na nyumbani hakukaliki. Nina eskaveta, hiki kijiko cha kuchimbia, nilikinunua kikiwa kimeshatumika kikaletwa kwa meli, na tangu kifike kinachimba misingi na makaro ya majumba mapya huko Fumba, na dereva wake ni Pandu, kaka wa mke wangu Yusra, mtu wa kijiji cha Pete, niliyemchukua kwa sababu anaijua kazi na kwa sababu ni ndugu, nikidhani ndugu hawezi kunila, kumbe.

Sasa kila Jumamosi asubuhi mashine ikiwashwa inakohoa, inatoa moshi, inakosa nguvu, na kwenye skrini inatokea namba ya hitilafu ile ile, ya presha ndogo ya mafuta, tukaita fundi akaifuta ile namba, ikarudi, tukaita mwengine akabadilisha sensa, ikarudi, akaja wa kutoka mjini akasema ni pampu, tukafunga pampu nyengine, ikarudi, na kila fundi anamcheka aliyemtangulia. Huyo wa mjini alipofungua filta safari ya pili akakuta maji, tena ya manjano-manjano, akaniambia, "Bwana Khatib, hapa pana mtu anakuibia dizeli na anafidia kwa maji." Na anayenunua dizeli ni nani, na anayekaa na ufunguo wa tangi ni nani, si Pandu?

Nikamwita mbele ya watu wote wa kazini, nikamwambia ale yamini kwa msahafu, akasema, "Shemegi, mie mafuta yako sikuyagusa. Lakini siapi Qur-ani kwa ajili ya dizeli." Akaweka funguo juu ya kiti akenda zake. Bi Ummukulthum, mtu asiye na hatia anakataa kuapa? Yusra aliposikia akasema umemvunjia kaka yangu heshima na mie umenivunjia, akachukua watoto, yuko kwao Pete, anasema harudi mpaka nimwombe Pandu radhi, na mimi nasema siombi mpaka aape.

Mama yangu, Bi Amne, yeye anasema si wizi, ni husda, watu wanakitazama kijiko kwa jicho baya, na kwa kweli mama hajaniacha peke yangu, maana tangu mashine ifike kila Ijumaa baada ya sala, kazi ikiwa imesimama, anakuja na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, chupa kubwa nzima, anakinyunyizia kijiko cheni na mkono, na kinachobaki anataka kiingie ndani hasa, basi mimi nafungua kifuniko cha tangi, yeye anamimina huku akinuia, na bado husda haitoki.

Nimeshapata dereva mwengine, Jumatatu anaanza. Je, nimfukuze Pandu na dada yake akitaka abaki huko huko, au nivumilie kuibiwa ili ndoa isivunjike?

Khatib, Kikwajuni

*

Khatib, wa alaykum salaam, na marahaba.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakuonea huruma. Mara ya pili nikavua miwani nikasema la haula. Mtu mzima anashika kifuniko cha tangi kwa mkono wake mwenyewe, anatazama chupa nzima ya maji ikimiminwa ndani ya dizeli, halafu anazunguka Unguja nzima akimtafuta aliyetia maji!

Ukumbi huu ni wa ndoa, si gereji. Lakini marehemu mume wangu aliendesha jenereta la hoteli huko Kendwa, na dizeli nimeifua sana kwenye nguo zake. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini ya tangi, na pampu inavuta kutoka chini huko huko. Ijumaa mama anamimina, yanatulia, Jumamosi asubuhi mashine inakunywa maji. Presha itapandaje? Na hayo ya manjano kwenye filta, ulidhani Pandu kayateka kisima gani chenye zafarani?

Mafundi wako nao wamenichosha. Namba ile haisemi badilisha pampu. Inasema presha imeshuka, tafuteni kwa nini, na kutafuta kunaanzia tangini na kwenye filta, si kwenye kitu cha ghali. Wa kwanza akaifuta tu, wenzake wakakimbilia kubadilisha vya ghali.

Basi nisikilize. Mashine isiwashwe. Kizibo cha chini cha tangi kifunguliwe, yanayotoka yatiwe kwenye chupa inayoonesha, yatulie, uone kwa macho yako kilichokaa chini kina rangi gani. Tangi lioshwe, filta zote zibadilishwe, nozeli zipimwe kama hazijaliwa na maji, ndipo namba ifutwe. Ikirudi baada ya hapo, niandikie unitukane.

Mama usimfokee. Kombe ni dua, na dua haina kosa, lakini ni la mtu kunywa, kijiko kinakunywa dizeli. Mbusu mkono, mwambie, "Mama, dua nnaitaka, nisomee, ila maji yasiingie tangini." Atanuna kidogo, kisha atasahau.

Sasa Pandu. Umdhaniaye ndiye kumbe siye, Khatib, na wewe hukudhani tu, ulimsimamisha mbele ya watu. Unaniuliza kwa nini alikataa kuapa? Kwa sababu anamcha Mungu kuliko anavyokuogopa wewe. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kumpa ufunguo wa tangi, na wewe ulikuwa naye, ukamtupa. Nimekasirika, sikufichi.

Huyo dereva wa Jumatatu mpigie simu leo, umwambie asije. Usingoje Jumamosi uone kama mashine itawaka. Nenda Pete mwenyewe, usitume mtu wala ujumbe, na uanze kwa Pandu kabla hujamtazama Yusra, maana mkeo alichofuata kule ni heshima ya kaka yake, ukiirudisha hiyo atarudi nayo. Kisha urudi na Pandu Fumba, na radhi uiombe pale pale ulipomuaibisha, mbele ya wale wale.

Na Bi Amne akiuliza kombe la Ijumaa alipeleke wapi, mwambie alipeleke Pete, anywe Pandu. Mama amesema kweli, jicho baya lipo, na limempata kijana wa watu. Ni lako.

Bi Ummukulthum