Mbaruku Hakukaidi

Mkata,
Jumatano

Mdogo wangu Erasto,

"Mfanyakazi alikaidi maelekezo ya msimamizi." Hayo ni maneno yako, mstari wa nne wa taarifa uliyoniletea nisaini, na nimeyatanguliza mbele ya salamu kwa sababu nayasoma na kuyarudia tangu Jumapili. Ni uongo, Erasto. Tena si uongo wa kupotoka kidogo. Ni uongo mzima, umevaa suti na tai. Nitaurudia. Kwanza nikujulie hali, kama tulivyolelewa.

Hujambo wewe, na shemeji Catherine hajambo? Watoto wameshafungua shule? Mama huko Dindira nasikia kikohozi kimempungua na ameanza tena kugombana na watu wanaokatiza shambani kwake, habari iliyonifurahisha kuliko dawa yoyote. Mimi mwili upo. Mgongo unauma kama ulivyouzoea. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Kwenye simu wewe hunikatiza, mimi napandisha sauti, na mwisho mmoja wetu anasingizia mtandao. Juzi uliniambia, "Kaka, we saini tu, mambo yaishe." Nikakata simu, mimi niliyewajibu wahariri wa magazeti, diwani, hata mchungaji wetu katikati ya mahubiri. Karatasi haikatizwi.

Hii ni wiki ya tatu tangu ajali, na sote tumesimamishwa kazi. Mashine ya kusaga matawi iko uani kwa mwenye nyumba, imefunikwa turubai. Dereva wetu wa trekta, Zaidi, na wenzake bado wanakaa kwa mama muuza chai pale kituoni. Zamani nikifika walinianza wao: mzee Habakuki, leo nani kakukosea, serikali au Mungu? Tulibishana mpaka chai inapoa. Sasa nikitokea wananiamkia kwa pamoja, wananipisha benchi, kisha kila mmoja anakumbuka ana shughuli. Juzi nilisema kwa makusudi jambo la kipuuzi kabisa, kwamba mpira wa miguu upigwe marufuku nchi nzima. Zaidi akasema, "Ni kweli, mzee." Nilirudi chumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Vitabu ninavyo, muda ninao. Nafungua ukurasa, naufunga.

Sasa turudi kwenye sentensi yako. Wewe uko ofisini Korogwe, mashine ile umeiona kwenye picha tu, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Tunapokata mijohoro inayogusa nyaya za umeme barabarani, matawi tunayalisha kwenye mashine ya kusaga. Mdomoni kuna rola mbili zinazouma na kuvuta, na nyuma yake kuna visu. Tawi nene kama paja langu linamezwa kwa muda wa kupiga chafya. Haichagui tawi wala mkono. Kwa hiyo mlishaji anasimama pembeni, shina linatangulia, na likishaumwa anaachia na kuondoka. Tawi moja ni la mtu mmoja. Mikono ya shati inakunjwa juu ya kiwiko. Na juu ya mdomo kuna chuma. Ukikisukuma, rola zinasimama. Mtu mmoja anasimama kwenye chuma hicho mchana kutwa bila kazi nyingine, na macho yake yako kwa wageni.

Mbaruku, huyo unayemwita mfanyakazi, alikuwa na siku tatu kazini. Si mtoto, ana miaka thelathini na mmoja, analima mahindi na muhogo Kwamsisi, na alikuwa akija kwa baiskeli. Siku ya kwanza nilimweleza yote hayo, akanirudishia neno kwa neno. Akaniuliza tawi likikwama linatolewa na nani, na injini ikizimwa visu vinaendelea kuzunguka kwa muda gani. Miaka sita nimesimamia watu, hakuna mwingine aliyewahi kuuliza hilo la pili. Bosi wako Stefano anasema watu wa shamba hawasikii. Huyo Stefano hajawahi kuuliza lolote.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kumwona kwake Kwamsisi. Nilipanda bodaboda na kikapu cha machungwa mapajani, njia nzima najiambia nitakachosema. Swaumu, mkewe, alinikaribisha vizuri mno, afadhali angenifokea. Mbaruku alikuwa mkekani. Mkono wa kulia unaishia chini kidogo ya kiwiko, umefungwa kitambaa cheupe. Aliponiona mlangoni aliinuka, akanyoosha wa kushoto, akasema, "Lete mzee, nikupokee."

Sikuachia. Tulivutana kikapu pale mlangoni kama wajinga wawili, mpaka Swaumu akacheka na kumwambia mumewe aniache, mzee huyu inaonekana akishika kitu haachii. Ndipo nikaachia. Tulipokaa akaniomba radhi. Mimi! Alisema anajua wenzake hawana kazi kwa ajili yake, na kila anayekuja kumjulia hali anamwambia mzee Habakuki hana kosa. Kisha akauliza ofisi imeandika nini. Taarifa yako ilikuwa haijanifikia, lakini nilishajua itakavyokuwa, maana uliniambia mwenyewe kwa simu. Nikamjibu kwamba sijui. Nikanywa chai ya mkewe na uongo huo mdomoni.

Ninayokuandikia sasa sijamwambia mtu.

Asubuhi ya siku ya ajali niliburuta gogo peke yangu kutoka mtaroni, na wote wamekaa wanakunywa chai. Unanijua. Nilisimama mbele yao nikahutubu. Nilisema nchi ambayo mtu mzima anabeba mzigo na wenye nguvu wanamtazama imeshaoza; nikataja historia, nikataja madola yaliyoanguka. Walicheka, wameshanizoea. Mbaruku hakucheka, kwa sababu ni mgeni na alidhani hotuba zangu zinamhusu. Kwa kuwa ndiye pekee aliyenisikiliza, nikamgeukia yeye. Nikamuuliza kama huko Kwamsisi wazee hawapokewi mizigo, na kama mama yake alimfundisha adabu au alimfundisha kula tu. Wenzake wakaangua kicheko. Akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe mzee, sitarudia."

Baada ya chai, mahali pangu palikuwa kwenye chuma cha kusimamishia. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi. Nikapaacha. Nilichukua tawi la mjohoro lililogawanyika panda mbili nikalilisha mwenyewe, waone kwamba mzee bado yupo. Rola zilikuwa zimeshauma shina niliposikia viatu vinakuja mbio kwenye changarawe, na sauti yake: lete mzee, nikupokee. Akashika panda ya pili, kati yangu na mdomo wa mashine. Tawi likageuka. Kijiti kikaingia kwenye mkono wa shati aliokuwa ameushusha wakati wa chai, na mimi niliyepaswa kuutazama sikuutazama. Zaidi ndiye aliyeruka kutoka kwenye trekta akasukuma chuma. Mimi nilikuwa bado nimeng'ang'ania tawi, navuta, kana kwamba kuna binadamu wa kuvutana na kitu kile.

Hakukaidi, Erasto. Alikuwa na maelekezo mawili kutoka kwa mtu mmoja. La kwanza nililisema kwa upole, la pili nililisema kwa kumdhalilisha mbele ya wenzake. Alitii lililomuuma. Adabu ileile anayofundishwa kila mtoto wa Handeni na wa Dindira, mimi niliitoa nyumbani nikaipeleka mbele ya visu, na wala sikumwambia kwamba pale haifanyi kazi.

Najua uliandika vile kwa kunipenda. Hujataka kaka yako afukuzwe uzeeni. Lakini angalia ulichokifanya: kwa neno moja umemnyima fidia, na Kwamsisi itaamini kwamba mkono wake ulikatwa na kiburi chake. Naye ataamini pia, kwa sababu tayari anaomba radhi.

Msalimie shemeji na watoto. Mama usimweleze lolote. Nitapanda Dindira nimwambie mwenyewe, anigombeze uso kwa uso.

Taarifa yako nimeichana. Yangu imo ndani ya bahasha hii, kurasa mbili, imesainiwa, na Zaidi ameweka jina lake kama shahidi. Nilipomwomba aliinama akaandika bila kunitazama. Nakutaka wewe, Erasto, uigonge muhuri Ijumaa asubuhi, usibadilishe neno, usilainishe mahali. Nawe Stefano, najua utaisoma ukichungulia begani kwake: mlipe Mbaruku haki yake, uniondoe mimi, na usiiwashe mashine ile tena mpaka umweke kwenye chuma mtu ambaye hatakiacha ili aonekane ana nguvu.

Kaka yako,
Habakuki