Goti la Wilmar Halina Kasoro

Mpendwa Doña Ofelia wa safu ya ushauri, naomba unisaidie maana hapa Medellín sina wa kumwambia, mimi ndiye ninayeandika taarifa za timu ya taifa kwa magazeti, kazi yangu ni kuwafanya watu wa nje watuone kama nchi ya mpira na si ya mabomu, na naipenda, lakini mwezi uliopita mtu wa Don Evelio, yule mwenye klabu na mwenye mengine tunayoyajua sote, alimpigia kocha simu akamwambia kiungo wetu Wilmar asicheze, nafasi apewe kiungo wa klabu yao ili Ulaya wamwone, la sivyo shule wanayosoma watoto wa kocha inajulikana, basi mkuu wangu akaniita akasema, “Nubia mwanangu, andika goti,” nikamuuliza goti gani, kijana jana kakimbia uwanja mzima wala hajahema, akasema, “La kushoto. Au unataka dunia isikie timu yetu inapangwa na majambazi?” nikaandika, Wilmar akaachwa, mashabiki wakaanza kumzomea eti anajifanya mgonjwa, halafu Jumanne akanikuta mkahawani nakula arepa, mkate wetu wa mahindi, akaketi, akasema, “Dada Nubia, mama kule Quibdó anawasha mishumaa kuliombea goti langu. Nimwambie nini?” nikalipa nikatoka, na sasa wanataka niandike kwamba amestaafu kwa hiari yake, kijana wa miaka ishirini na miwili, nikikataa naogopa, nikikubali sijui nitaishije, nifanye nini?

Nubia

Nubia (majina yote nimeyabadilisha),

Pole, lakini sikubembelezi. Goti ulilitunga wewe. Hofu yako naielewa, nami nimezika ndugu katika mji huu, ila usiniambie ulikuwa unalinda sura ya nchi. Ulimlinda Don Evelio.

Hiyo ya kustaafu usiandike. Usigombane na mtu, usitoe hotuba. Chukua cheti cha daktari wa timu kinachosema Wilmar ni mzima, umkabidhi mwenyewe mkononi. Mpigie mama yake, umwambie aliyedanganya ni wewe. Kisha omba ruhusa ya ugonjwa, uhame mji.

Haya nilikueleza kwa simu siku barua ilipofika, na nimeikalia wiki sita makusudi. Leo naichapa kwa sababu umeshaondoka, kocha amejiuzulu na kuwatoa wanawe nchini, na Wilmar, kwa cheti kile, kapata klabu Uruguay, Jumapili amecheza dakika tisini Montevideo. Mama yake alikugombeza robo saa nzima, kisha akakuuliza kama umekula.

Bado hujamaliza. Kaa chini uandike yote, tarehe na majina halisi, nakala moja umwachie mwanasheria. Fanya hivyo wiki hii.

Ofelia