Mashairi ya Babake Bi Zuhura

Jumanne, baada ya magharibi

Naona haya hata kuandika. Jana nilimwambia jirani yetu Bi Zuhura kuwa mashairi ya marehemu babake, ambayo yeye mwenyewe aliyachapa kwenye kompyuta kwa herufi za Kiarabu kwa miaka miwili, yameharibika yote. Programu niliyoiandika ili kuyasoma ilionyesha alama za kuuliza tupu. Alilia mbele yangu.

Leo nimegundua faili lake lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyeiagiza programu izisome baiti zile, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhia maandishi, kama herufi za Kizungu. Nilibadilisha neno moja tu katika programu, na kila ubeti ukatokea.

Nikampelekea mbio.

“Mwanangu, umeyaokoa! Mungu akulipe kheri.”

Nilipaswa kumwambia kosa lilikuwa langu. Badala yake nikaitikia, “Amin, Bi Zuhura.”