Kambale Niliyemwita Perege

Jumapili, jioni. Upepo wa Dodoma umevuma tangu asubuhi, na vumbi limenijaa mpaka masikioni. Naandika haya kwenye intaneti kafe ya karibu na stendi. Mfukoni nina tiketi ya basi ya mama mkwe. Nilitumwa tiketi tu, saa hizi ningekuwa nimeshafika nyumbani Mkonze.

Naogopa kurudi.

Mama mkwe alikuja kutoka Same kumwona mjukuu wake Neema na kumhudumia mke wangu aliyejifungua. Amefua nepi, amekoroga uji, amembembeleza mtoto huku mimi nakoroma. Kwa muda wote huo ametamani kitu kimoja tu, perege wabichi. Yeye ni Msabato wa kweli kweli, na mke wangu vivyo hivyo. Samaki asiye na magamba, kama kambale, kwao ni najisi, haingii chunguni. Mimi ni Mwanglikana wa Gulwe, kambale nimekula tangu nina meno ya utoto, ila nyumbani kwangu nilishaacha.

Basi nikajitia ubingwa. Niachie mimi, mama, nikamwambia, Jumapili nakwenda bwawani Hombolo.

Na kumkwepa kambale najua kweli. Ofisini nimewachosha watu kwa kuwasimulia. Kambale hula chini kwenye tope, kwa hiyo chambo chako kining'inie juu kwa boya. Utumbo na minyoo achana navyo, maana harufu yake inamwita. Kanda kidonge cha ugali, tumia ndoano ndogo. Maji yakichafuka, hama.

Leo maji yalichafuka. Upepo ulikuwa unasukuma mawimbi mpaka ukingoni niliposimama, na boya langu, kipande cha kandambili, lilirudi miguuni kwangu kila nilipolirusha. Nilipata perege mmoja, mdogo wa kutia huruma. Kuhama kulitaka nizunguke bwawa juani. Nikaona uvivu. Nikang'oa boya, nikafunga jiwe, nikamwomba utumbo wa kuku jamaa aliyekuwa akivua jirani yangu. Yeye kambale ndio aliowafuata.

Akacheka. "Leo umebadili dini, kaka?"

Wakaja, wanene, na masharubu yao. Ningeweza kumwachia yule jamaa wote, nikarudi na kisamaki changu na aibu yangu. Badala yake niliwachuna ngozi pale pale, nikatupa vichwa, nikabeba minofu mitupu. Perege sikumgusa. Nilikuwa na kazi naye.

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilimparua magamba bombani mbele ya mama, taratibu, magamba yakirukia hadi kwenye kanga yake. Kisha nikamchanganya na ile minofu. Wakubwa nimewatengeneza kule kule, nikasema. Akaniita mwanangu, akapokea sufuria kwa mikono miwili.

Alipika mwenyewe. Kabla ya kula alisali, akamshukuru Mungu kwa kumpa mkwe anayeiheshimu imani ya nyumba aliyooa. Mke wangu akaitikia amina. Na mimi nikaitikia. Wakala, wakaongeza. Mama akashangaa, perege wa huku mbona hawana miba? Nikamjibu ni maji ya bwawa.

Maji ya bwawa! Sijui hata yalinitokaje mdomoni.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwamba wakishakula itabaki siri yangu. Lakini wakati natoka kufuata tiketi nilimkuta mama jikoni anakaanga vipande, anavikausha vizuri vivumilie safari. Pembeni kulikuwa na bakuli lenye mfuniko.

"Hivi ni vya baba yako," akaniambia. "Nimejinyima kidogo, Baba Neema. Na yeye aonje samaki wa mkwe wake."

Baba mkwe ni mzee wa kanisa. Siku ya posa ndugu zake walikataa binti aolewe nje ya imani. Ni yeye aliyewanyamazisha, akasema kijana huyu ninamwamini, hatamkosesha mwanangu. Sasa bakuli linamwendea.

Nimekaa hapa nikiwaza upuuzi. Nilidondoshe kwa bahati mbaya? Nimsingizie paka wa jirani? Paka wa watu kakosa nini. Nimewaza pia kunyamaza, na kusema kweli hilo ndilo nililolifikiria kwa muda mrefu zaidi. Mama hatajua. Mke wangu hatajua. Baba atakula, atanisifu, na kila atakaponipigia simu atanikumbusha wale samaki watamu.

Nikisema, mke wangu atalia. Mama huenda asiguse tena chakula cha nyumbani kwangu, na sitakuwa na haki ya kumlaumu.

Mwenye kafe anagonga meza, muda wangu umekwisha. Basi linaondoka alfajiri, kwa hiyo kesho ya kusubiri sina. Nikifika sitakaa. Nitapita moja kwa moja jikoni nimwambie: mama, usimpelekee baba, ni kambale.

Hilo nimelifanyia mazoezi, naweza kulitamka. Lakini ataniangalia, aniulize, "Na mimi je, mwanangu?"

Nitamjibu nini?