Mguu wa Breki

Jumanne, 11 Juni

Binti yangu amepiga simu tena jioni. Ijumaa ndiyo siku. Mafunzo yameisha, anakabidhiwa basi la jiji peke yake, na abiria wa kweli ndani. Anataka nipande safari yake ya kwanza. Nimesema nitakuja. Nani asingekuja?

Ana ombi moja: nije kwa basi. Mjini gari ni mzigo, Baba, hata pa kuliweka hakuna. Mama yake naye akadakia kutoka jikoni — panda basi kama watu wengine, siku tatu tu hizo.

Wanasema kirahisi. Mimi nafundisha watu udereva tangu huyo binti hajazaliwa. Nakaa kiti cha pembeni, mwanafunzi ameshika usukani, na chini ya mguu wangu kuna breki ya pili. Breki hiyo ndiyo imetufikisha hapa salama, mimi, wanafunzi wangu na kuku wa majirani. Kukaa kwenye gari la mtu bila breki yangu — siwezi.

Nitakwenda na gari la shule yangu ya udereva. Nimeshaliosha.

Jumatano, 12 Juni

Barabara kuu nimeteleza tu, bila shida. Kumbe shughuli ilikuwa inanisubiri mjini.

Kwanza foleni. Halafu — nilisahau kukitoa kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa. Lo! Kila mtu ananipigia honi, kila mtu ananipita. Kijana mmoja wa teksi akashusha kioo, akaniambia kwa huruma kabisa nisikate tamaa, mzee, hata yeye klachi ilimsumbua mwanzoni. Mimi! Nusu ya mji wetu imepata leseni mikononi mwangu. Nikamwambia asante. Ningesema nini?

Kisha pa kupaki. Nimelizunguka jengo analoishi binti mpaka mlinzi akaanza kunipungia mkono kama jamaa yake. Mwisho nimeliacha gari kwenye uwanja wa kulipia, huko mbali, nikarudi kwa miguu na begi begani. Njiani mabasi yananipita, yana nafasi tele.

Nimefika binti ameshalala. Anaamka alfajiri. Chakula amekifunika mezani, sahani mbili, hata yeye inaonekana alingoja akashindwa. Ameacha mlango wa chumba wazi kidogo, namsikia anakoroma vilevile kama alivyokuwa mdogo. Nimekula peke yangu. Ijumaa nikichelewa hivi ataondoa basi huku anatazama mlangoni. Sitaki.

Alhamisi, 13 Juni

Leo amepumzishwa kabla ya kesho. Asubuhi akaniambia twende, leo unajifunza kuwa abiria. Funguo za gari kazitia kwenye pochi yake, akafunga zipu.

Basi safi, viti vipo. Nikakaa dirishani. Dereva hodari, ila anachelewa kufunga breki. Taa nyekundu ya kwanza nikakanyaga — kwa nguvu zangu zote. Kumbe chini ya kiti cha mbele kulikuwa na kiatu cha mama mmoja, na mguu wake ndani. Akageuka. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba nilikuwa nafunga breki. Akanitazama juu mpaka chini, akasema hewala, mzee, ila nyingine umfungie dereva, mimi nilikuwa nimekaa tu. Binti yangu alicheka mpaka akafuta machozi.

Lakini niseme kweli. Baada ya hapo nimefurahi. Jiji hili nimekuja mara nyingi, na kumbe nilichokiona siku zote ni makalio ya gari lililo mbele yangu. Leo nimemwona kinyozi anamnyoa mteja aliyesinzia. Nimemwona mwanamke anapigana na magodoro kwenye roshani, na mtoto wa shule anamlisha mbwa mkate wake wote. Hakuna aliyenipigia honi. Tumeshuka sokoni, tumenunua machungwa, tumepanda jingine. Tukishuka tunaondoka zetu, basi linajijua lenyewe. Raha.

Jioni tunamenya machungwa, kaniambia: kesho ukae nyuma kabisa. Nikauliza kwa nini. Akasema enzi zile namfundisha, kila alipotaka kusimama mguu wangu ulikuwa umeshatangulia. Mpaka leo hajui ni yeye aliyekuwa akisimamisha gari au ni mimi. Hakusema kwa hasira. Kasema huku ananipa kipande cha chungwa.

Imeniuma. Chungwa lilikuwa tamu lakini, nikala.

Ijumaa, 14 Juni

Alfajiri. Ameshatoka. Nimevisikia viatu vyake vipya vikishuka ngazi. Funguo za gari amezirudisha mezani.

Nimezishika. Wazo likanijia: nimfuate kwa gari, polepole, nimwone tu. Likitokea jambo niwe karibu. Halafu nikajiuliza huko nyuma nitafanya nini — nimfungie breki kwa mbali? Nikacheka peke yangu. Nimeziacha pale pale. Naenda kituoni.

Ndani ya basi. Nimewahi, nimepanda kituo cha kwanza. Kanitazama kama abiria yeyote: habari za asubuhi, sogea nyuma tafadhali. Mdomo ulimcheza kidogo, kwa kicheko au kwa woga, sijui. Nipo kiti cha mwisho, kando ya muuguzi anayetoka zamu. Mguu wa kulia nimeubana nyuma ya mwenzake. Ameondoa gari. Taratibu. Naandika basi likitembea, na mwandiko wangu unasomeka.

Mwisho wa njia. Nimelala! Mimi! Miaka yote hii sijawahi hata kusinzia kwenye gari la mtu. Siku ya harusi yangu nilimtazama dereva kuliko bibi harusi, na mwenyewe hajanisamehe. Muuguzi ndiye aliyeniamsha. Ananishangaa — mzee una usingizi, hata ile pikipiki ilipotukata pale sokoni hukushtuka? Anasema ilichomoka ghafla mbele yetu, dereva akasimama pale pale, na waliosimama hakuanguka hata mmoja. Watu wakampigia makofi. Hata makofi hayo hayakuniamsha.

Basi zima limeona isipokuwa mimi. Nikautazama mguu wangu. Uko vilevile, nyuma ya mwenzake.

Abiria wanashuka, wanamshukuru. Muuguzi naye ameshuka. Sasa kazima injini, anakuja huku nyuma akikagua viti kama kuna aliyesahau kitu. Uso wote kicheko. Hajanifikia bado na ameshaanza kuuliza: Baba, uliiona breki ile?

Sikuiona, mama. Nilikuwa nimelala. Ndivyo nitakavyomwambia, na sijui atalipokeaje, lakini safari hii atajua ni nani aliyesimamisha gari.