Sehemu ya Pili Imetuangusha

Jumapili asubuhi, Kisangani. Mvua imekatika, njia ya mtaani kwetu ni tope tupu, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jana jioni walituonyesha uwanjani sehemu ya pili ya ile sinema ya mpelelezi. Ya kwanza niliiona na papa, baba yangu, mwaka juzi, na watu walinyamaza hadi mwisho. Hata wauza karanga walisahau kuuza. Hii ya pili, jamani, ni aibu. Mpelelezi ni yuleyule, ila amenenepa na akili imemlala. Muuaji unamjua hujakaa vizuri kwenye benchi. Hata mfasiri, anayetugeuzia Kifaransa kwa kipaza sauti, alianza kupiga miayo.

Nilivunjika moyo kabisa.

Na kando yangu alikuwa papa. Hatukupatana kukutana, mvua ililowesha benchi zote isipokuwa ile ya chini ya paa, na nafasi ilibaki moja tu. Tangu nimwoe Zaina, Mwislamu kutoka Maniema, papa hajanisemesha. Yeye ni mvuvi wa maporomoko, alinitakia binti wa wavuvi wenzake. Mtoto wetu ana miezi minne na papa hajamwona. Mama ndiye huja kumbeba, kwa kujificha. Nilimpa mtoto jina la papa bila kumwomba ruhusa, na nimeishi nikiogopa siku atakayolisikia.

Sinema ingekuwa nzuri, tungeitazama kimya na kila mmoja angeenda zake. Lakini papa havumilii upumbavu.

"Ule wa kofia njo alimuua," alinung'unika. "Polisi haimuoni?"

Nikamwambia labda mafuta yamemfika machoni. Papa akacheka. Tukaisema vibaya sinema ile hadi wa mbele wakageuka kututazama. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa cha picha:

"Banasema mutoto iko na jina yangu. Analia sana?"

"Usiku muzima, papa."

"Bon. Njo mimi kabisa," akasema, kama mtu aliyesifiwa.

Nililia pale gizani, na sioni haya kuandika. Akasema leo mchana atakuja kula.

Zaina anatwanga sombe, majani ya muhogo, tangu alfajiri, na kila mara ananiuliza kama papa anapenda pilipili nyingi. Namshukuru Mungu. Na yule mzungu aliyetengeneza sinema mbovu vile, popote alipo, namshukuru pia.

Kuna mtu anakohoa nje, anafuta tope miguuni. Ni mapema mno kwa chakula, lakini kikohozi kile nakijua.